Usimchome mkeo sindano kabla damu haijatoka (kwa mleta mada wa taifodi "sugu")

Mleta mada, simamisha hiyo sindano ya kesho asubuhi. Nimesoma bandiko lako, nikasoma na majibu ya wakuu waliotangulia. La yule aliyeandika "anza tu sindano, vipimo vitafuata" limenifanya niache chai mezani.

Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa yuko Morogoro, mkewe ana homa za jioni na jasho la usiku, inaenda wiki ya tatu. Malaria hana. Zahanati walipima Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, ikasoma 1:80, akapewa sipro (vidonge vya kuua bakteria), homa ikashuka, dozi ilipoisha ikarudi. Wakarudia Widal, ikasoma 1:160, akaambiwa taifodi imekuwa sugu, kesho aanze seftriaksoni, sindano ya mshipa ya kuua bakteria. Daktari wa hospitali ya mkoa yeye kasema damu ioteshwe kwanza, yaani iwekwe kwenye chupa za maabara ionekane kama kuna bakteria ataota, na majibu yanaweza kufika siku tano. Jamaa anauliza kama huo si wizi, kama bima italipa, kama anaweza kuanza sindano huku akisubiri majibu, na kama maziwa yanamletea shida.

Nitashika hilo la sindano kwanza. Mengine tutayakuta njiani tukiyakuta.

Damu ya kuotesha inatoka KABLA ya dawa. Kabla ya sindano, kabla ya kidonge, kabla hata ya kile kidonge kimoja cha "kumtuliza tu" ambacho muuza duka la dawa atakukatia kwa mkasi. Ikishaingia kwenye chupa, hata dakika ileile wakimchoma sindano ni sawa kabisa. Hakuna anayekuambia umkalishe mgonjwa siku tano akiungua huku mnasubiri karatasi. Kinachosubiri ni majibu, tiba haisubiri. Kutoa damu yenyewe ni kazi ya dakika chache. Ukianza na sindano halafu ukapeleka damu keshokutwa, umelipa hela upelekewe chupa matembezini.

Najua kwa sababu nimeilipa.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, mtu wa kucheka cheka, hajui kuumwa. Akaanza homa kama hizo za mkeo: mchana yuko kwenye cherehani, jioni anajifunika khanga mbili na joto la Dar lilivyo. Nikampeleka zahanati ya jirani. Ile zahanati kila anayeingia anatoka na kimoja kati ya vitatu, malaria, taifodi au UTI, na ukiwa na bahati mbaya unatoka navyo vyote na risiti ndefu. Yeye akapata taifodi. 1:160.

Mimi ni fundi wa mafriji, udaktari siujui, lakini mtu akipima kitu mbele yangu huwa natazama mikono yake. Yule kijana wa maabara alikuwa na kile kigae cheupe chenye viduara. Akadondosha seramu, yaani yale maji ya damu yaliyotenganishwa, akaongeza tone la rangi ya bluu hapa na nyekundu pale, akakoroga kwa kijiti, akaanza kukitikisa chini ya taa. Simu ikaita. Akakiweka kigae mezani, akaongea na mtu kuhusu mchango wa harusi, akarudi, akakiangalia, akaandika 1:160. Nilikuja kuelezwa baadaye na mtu anayeijua kazi kwamba pale unatakiwa usome ndani ya dakika moja hivi, kwa sababu matone yakianza kukauka pembeni yanafanya chengachenga zinazofanana na majibu chanya. Na kwamba kwenye kigae, hizo namba zinapatikana kwa kupunguza kiasi cha seramu: mikrolita 20 ndiyo 1:80, mikrolita 10 ndiyo 1:160. Yule kijana aliweka tone moja, ukubwa mmoja, kwa kidropa cha plastiki. Hiyo 160 aliitoa wapi? Labda ndiyo ilikuwa namba ya mchango wa harusi.

Tuseme hata angepima kwa ustadi wote. Widal haimtafuti bakteria. Inatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kupigana na kitu cha ukoo huo. Hizo zinaweza kuwepo kwa sababu ya taifodi ya leo, au ya zamani, au chanjo, au salmonela nyingine, au hata malaria imekuja ikavuruga. Na zikishapanda zinakaa miezi. Kwa hiyo kurudia Widal baada ya dozi ili uone kama mtu amepona ni kazi bure, inaweza kubaki juu na mtu anacheza mpira. Kama kweli wanataka kuitumia vizuri, wanapima mara mbili, kati yake siku 10 hadi 14, na wanatafuta ipande mara nne: 80 iende 320. Yako imetoka 80 kwenda 160. Hiyo ni hatua moja, mtu mmoja akisoma kigae kilekile mara mbili anaweza kukupa tofauti hiyo. Na juu ya hatua hiyo moja ndipo wamejenga neno "sugu"!

Nikilisikia hilo neno napandwa na presha. Usugu wa dawa upo, na taifodi sugu ipo kweli duniani, Pakistan wanahangaika nayo tangu 2016. Lakini usugu kwa kawaida unaonekana hivi: unamwotesha bakteria mwenyewe, unamwekea vidonge vidogo vya dawa mbalimbali kwenye sahani yake, unaona ipi inamuua na ipi anaipita. Widal haina uwezo huo hata ukiitikisa mpaka asubuhi. Bwana Widal mwenyewe alikuja na kipimo chake Paris mwaka 1896, wakati dawa hizi hazijazaliwa, na kwa zama zake kilikuwa maajabu. Simlaumu marehemu. Namlaumu anayekitumia leo kuuzia sindano.

Basi turudi kwa mdogo wangu. Sipro. Homa ikashuka, tukashukuru. Ikarudi. Azithromaisini. Ikashuka, ikarudi. "Kaka, hii imekuwa sugu," akaniambia daktari wa zahanati, na sauti yake ya huruma kabisa, akatuandikia sindano. Tukachoma. Ikashuka. Unaona mchezo ulivyo? Kila homa ikishuka nilikuwa naona ushahidi kwamba dawa ndiyo yenyewe, na kila ikirudi naona ushahidi kwamba ugonjwa ni mkaidi. Haikuniingia kichwani kwamba huenda tunampiga mtu nusu nusu na wala hatujui jina lake.

Mke wangu ndiye aliyegoma. Akasema huyu binti anakonda, mpelekeni hospitali kubwa. Tukapanga siku. Na hapa ndipo nilipofanya ule ujinga ambao ndio sababu ya bandiko hili lote.

Asubuhi ya safari alikuwa amebakiza sipro za dozi nyingine tuliyoongeza wenyewe. Nikampigia yule dada wa duka la dawa kumuuliza kama ampe au aache. Akanijibu kwa kujiamini: "Mpe, ukikatiza dozi wadudu wanajenga usugu." Nikampa. Nilimsimamia mpaka akameza, na glasi ya maji nikashika mimi. Nikajiona mlezi makini.

Kule tulimkuta daktari wa kike, mtu mzima, haongei sana. Hakugusa makaratasi yetu ya Widal, na nilikuwa nimeyapanga kwa tarehe kwenye bahasha ya kaki. Alianza na kifua. Akaweka kile chombo chake kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, akamwambia alale ubavu wa kushoto. Kisha akamshika vidole, akavisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia kucha moja moja. Chini ya kucha mbili kulikuwa na vistari vyembamba vya damu iliyokauka. Mimi nilishaviona, nikadhani kajichoma na sindano za kazini. Akauliza: utotoni aliwahi kuvimba viungo? Mafindofindo ya mara kwa mara? Nikasema ndiyo, sana, mama alikuwa anamkanda na maji ya moto. Akaandika: valvu ya moyo, bakteria, piga eko, otesha damu mara tatu. Yaani alishuku bakteria wamekaa kwenye valvu, ule mlango wa damu ndani ya moyo, na eko ni kile kipimo cha kuutazama moyo kwenye kioo.

Wakuu, wiki zote zile, kwa hela zote zile, hakuna aliyewahi kumwekea dada yangu chombo kifuani. Damu ya kidole walichukua kila mara. Masikio hawakutumia.

Nesi akaja na chupa zake kwenye trei. Zile chupa zina supu ya kuwalishia bakteria wazaliane mpaka waonekane. Alikuwa ameshamfunga mpira mkononi, akauliza: "Leo amemeza dawa yoyote?" Nikajibu haraka, tena kwa fahari: "Ndiyo, amemeza asubuhi, hatujakatiza." Akanyamaza. Akafungua mpira. Akatoka kwenda kumwambia daktari, akarudi, akaufunga tena, akachukua damu, na kwenye fomu akaandika jina la dawa na saa.

Chupa zikakaa siku tano. Hakuna kilichoota. Hata kimoja.

Nikafurahi! Nikasema basi hana bakteria. Daktari akaniangalia kama mtoto wa darasa la pili. Akasema chupa kuwa tupu haina maana hana. Maana yake tumewauliza wakiwa wamelewa dawa. Na eko ilishaonyesha kile kinyama kimening'inia kwenye valvu, kinacheza kila moyo ukipiga. Kwa hiyo ugonjwa upo, unaonekana kwenye kioo, ila mwenye ugonjwa hajulikani jina.

Sasa hesabu gharama ya kutomjua jina. Wapo bakteria wa valvu ambao ungewajua, unawaua kwa penisilini peke yake, au hiyohiyo seftriaksoni peke yake, wiki nne, umemaliza. Usipowajua, inabidi uwapige wote wanaoweza kuwepo. Ndugu yangu alilala wodini wiki sita, dawa za mshipa mchana na usiku, mishipa ikaisha mikononi wakahamia shingoni. Moja ya dawa zile ilikuwa jentamisini. Ni dawa nzuri, ila inagusa figo na masikio, kwa hiyo kila mara damu ya figo inapimwa, na unamuuliza mgonjwa kama anasikia mvumo. Akaanza kusikia mvumo. Wakaitoa. Sikio la kushoto halikurudi lote. Leo ukimwita upande ule anaendelea kushona, na wateja wanadhani ana maringo. Valvu nayo imeharibika, yuko kliniki ya moyo, na kuna siku watazungumzia upasuaji.

Sisemi kidonge kile kimoja cha asubuhi ndicho kilichofanya yote. Vya nyuma yake vilikuwa vingi, na yeyote kati yao angeweza kunizuia. Ila kile nilikishika mwenyewe mkononi.

Na yule dada wa duka la dawa, Mungu amsamehe, alichosema kina ukweli wake. Usikatize dozi, sawa, kama daktari anajua anatibu nini. Yeye alikuwa anailinda dozi ambayo hakuna mtu aliyejua inamtibu nani. Bora angeniambia "sijui, kaulize unakokwenda." Kwani neno "sijui" linauzwa?

Haya, mkeo. Sisemi kwamba ana ugonjwa wa moyo, usije ukamtia hofu mama wa watu kwa maneno ya fundi friji. Inaweza kuwa taifodi kweli. Inaweza kuwa kifua kikuu, na homa ya jioni na jasho la usiku wiki tatu inatosha kabisa kuomba makohozi yapimwe. Tena hizi dawa za jamii ya sipro zinakifunika kifua kikuu kikachelewa kuonekana. Inaweza kuwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Hapo ndipo maziwa yanapoingia: kama ni ya mfugaji na hayachemshwi, mwambie daktari, na mwambie na mtu wa maabara, kwa sababu brusela anaota polepole na chupa huenda ikahitaji kukaa zaidi ya siku tano. Maziwa ya kuchemsha hayana neno. Kuna utafiti ulifanyika kwenye hospitali mbili za Moshi, ulitoka 2013: wagonjwa wa homa 870 waliolazwa, 528 madaktari waliwaandikia malaria, na waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Waliokuwa na bakteria kwenye damu ni karibu mmoja kati ya kumi, na brusela na wenzake wa mifugo walikuwa wengi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Hiyo ni hospitali kubwa yenye wataalamu. Sasa fikiria zahanati yenye kigae kimoja na harusi ya kuchangia.

Kuhusu wizi: bei ya kuotesha ni mara kadhaa ya Widal, ndiyo. Jumlisha sipro, Widal mbili, na sindano za kesho, halafu uniambie nani anakuibia.

Ukifika pale, angalia wanavyochukua. Mtu mzima anatoa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Wakichukua kijiko kimoja wakasema inatosha, uliza kwa adabu, "samahani nesi, chupa hii si inahitaji zaidi?" Kwenye taifodi bakteria wanaoelea kwenye damu ni wachache sana, mara nyingi mmoja tu kwa mililita, kwa hiyo ukipeleka mililita mbili unabahatisha. Wachukue sehemu mbili tofauti, mkono huu na ule. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke, si kupuliza kwa mdomo. Bakteria wa ngozi akiingia kwenye chupa moja anakuletea ugonjwa ambao huna, lakini kama zipo mbili na kaota kwenye moja tu, wanaweza kumshuku. Na hata wakifanya kila kitu sawasawa, kwenye taifodi kuotesha damu kunakamata kama wagonjwa sita kati ya kumi, kwa hiyo ikirudi tupu usije hapa kunitukana. Muulize daktari hatua inayofuata, na mwombe asikilize kifua.

Kuna mdau hapo juu kasema kwa nini asipime CRP, kile kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe au maambukizi mwilini, inatoka siku hiyohiyo. Apime. Itamwambia kuna moto ndani. Haitamwambia nani kauwasha.

Kitu kimoja lazima nikiseme kwa herufi kubwa maana watu wanasoma nusu: AKIWA AMECHANGANYIKIWA, ANAHEMA HARAKA, MIKONO YA BARIDI, HAKOJOI, AU HAWEZI KUSIMAMA, usianze mjadala wa chupa. Kimbiza emajensi usiku huuhuu. Wao watachukua damu na kuanza dawa kwa pamoja, na kama damu inagoma kutoka watachoma dawa, uhai kwanza. Ninachokataza ni sindano ya zahanati kwa mtu anayetembea na anaweza kufika hospitali ya mkoa asubuhi.

Dozi ya sipro umesema iliisha siku kadhaa zilizopita, na leo hajameza kitu. Hiyo ni nafasi nzuri ambayo sisi hatukuwa nayo, na ukichoma ile seftriaksoni kesho saa mbili, itakuwa imepita. Saa mbili hiyohiyo muwe kwenye benchi la hospitali ya mkoa. Andika kwenye karatasi kila dawa aliyomeza, tarehe ya kuanza na ya mwisho, pamoja na zile za dukani zisizo na cheti, nesi akiuliza usijibu kwa fahari kama mimi. Hizo chupa za seftriaksoni mlizokwisha lipia zibebeni kwenye mfuko mwende nazo. Daktari akiona zinafaa, atachoma hizohizo damu ikishatoka.

Bima sijui, sisi tulilipa taslimu. Wa bima waje wamjibu.